Mashine za masikio: nunua sasa au subiri toleo lijalo?

Baba aliambiwa kikao cha chama ni saa tisa, akasikia saa sita. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ukumbi wa kanisa kule Huruma, koti limekunjwa magotini, ameshinda na jua la mchana akingojea watu ambao hata hawakuwa wametoka nyumbani. Alinitazama akasema, "Siku hizi watu hawaheshimu muda." Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Sita na tisa. Yatamke polepole usikie. Irabu ni zilezile. Kinachoyatenganisha maneno hayo ni mahali s na t zilipokaa, na hizo ni sauti hafifu za masafa ya juu, ambazo sikio lililozeeka au lililochoshwa na kelele huzipoteza mwanzo. Baba alifua masanduku ya bati Kamukunji kwa zaidi ya miaka thelathini, yale ya wanafunzi wa bweni. Kila kona ya sanduku ilipigwa nyundo mara kadhaa, na mafundi waliomzunguka walikuwa wakipiga zao vilevile. "Sauti nasikia," alizoea kusema, "ila maneno yananiteleza."

Kipimo cha kwanza alifanyiwa 2019. Mashine alivaa 2022. Hela zilikuwa shida, lakini haikuwa shida ya miaka mitatu. Kilichotuchelewesha zaidi ni kungojea. Binamu yangu aliye Marekani alikuwa akitupigia simu: subirini, za kuchaji zinashuka bei, subirini, zinakuja za akili mnemba, subirini, sheria inabadilika huku, zitauzwa madukani bila cheti cha daktari. Na kila alichosema kilikuja kuwa kweli. Ndiyo maana swali hili ni gumu: anayekushauri usubiri hakudanganyi. Teknolojia hii kweli inaboreka, na itaendelea kuboreka mwaka ujao na mwaka wa baada yake.

Leo mimi mwenyewe nina upungufu mdogo wa usikivu, na nimeamua kusubiri. Kwa hiyo sitakuambia kwamba anayesubiri amekosea. Nitaweka njia nne mbele yako na kuzipima kwa mizani ileile, ujue yako ni ipi. (Vitabuni huitwa visaidizi vya kusikia. Mtaani tunasema mashine za masikio, nami nitaziita hivyo.)

Kabla ya yote, daktari

Kuna watu ambao swali la kununua au kusubiri si lao bado. Sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja, mbili au tatu, hiyo ni dharura. Dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa mapema, na kila wiki inayopita hupunguza matumaini. Sikio linalotoa usaha, kizunguzungu, mvumo wa upande mmoja, sikio moja kuzidiwa sana na la pili: nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Kenyatta wana kliniki hiyo, na hospitali kubwa nyingi za Nairobi pia. Mtajie dawa ulizowahi kutumia, hasa sindano za zamani za kifua kikuu kama streptomycin na kanamycin, kwa sababu huweza kuharibu seli za sikio la ndani.

Na wakati mwingine ni nta tu. Jirani yetu alikuwa ameshaanza kuchangisha hela za mashine. Muuguzi akamsafisha masikio kwa maji ya uvuguvugu, naye akatoka nje akiziba masikio kwa mikono kwa ukali wa honi za matatu.

Mizani: mambo manne

Masikio. Kila kitu kinaanzia kwenye karatasi ya kipimo. Shirika la Afya Duniani hutumia desibeli za sikio lililo bora, yaani ukali wa sauti hafifu kabisa ambayo sikio hilo bado linaisikia (namba ikipanda, usikivu umeshuka): chini ya 20 ni usikivu wa kawaida, 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, 35 hadi 49 ni wa wastani, 50 hadi 64 ni wa wastani uliozidi, 65 hadi 79 ni mkubwa, 80 hadi 94 ni mkubwa sana, na 95 kwenda juu ni uziwi kamili. Omba nakala ya karatasi hiyo uondoke nayo. Ni yako, na ndiyo itakayokuonyesha baada ya mwaka kama umebaki ulipokuwa au umeshuka.

Hela. Usitazame bei ya siku ya kununua peke yake, igawe kwa miaka. Mashine iliyotunzwa hudumu miaka mitano hivi. Nyingine hufa ikiwa na mitatu, nyingine hufika saba. Chukua mfano wa pea ya shilingi 90,000. Kwa miaka mitano ni 18,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi 50 kwa siku. Pea ya 360,000 ni karibu 200 kwa siku. Ongeza betri, vichungi vya nta, nauli na ada ya kurekebishiwa. Bima yako iulize kwa maandishi kabla ya kuahidi muuzaji chochote, na SHA, bima ya afya ya serikali, waulize upya hata kama ulijua jibu la enzi za NHIF iliyoitangulia, kwa sababu utaratibu ulibadilika Oktoba 2024. Mwenye upungufu unaofikia kiwango cha ulemavu anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako pia huombwa vifaa saidizi. Akiwa ameajiriwa, akipata cheti cha msamaha, halipi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Kuna familia ambayo msamaha huo peke yake unalipia mashine.

Fundi. Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Mashine ya sikio si miwani ya kusomea unayoichukua kwenye meza ukajaribu. Lazima mtu airekebishe kufuatana na karatasi yako, kisha airekebishe tena baada ya wiki mbili, na tena baada ya mwezi, ubongo ukizoea. Jiulize: nani atafanya kazi hiyo, yuko mtaa gani, na mwakani atakuwepo?

Kesho. Yaani utakachokikosa ukinunua leo. Mashine za kidijitali kamili ziliingia sokoni 1996. Mwaka 2014 zikaja zilizounganishwa moja kwa moja na iPhone. Mwaka 2016 betri za lithiamu za kuchaji zikaanza kushika. Mwaka 2021 kampuni ya Oticon ikatoa More, ambayo chipu yake imefundishwa kwa mtandao wa neva, yaani akili mnemba inayojifunza kutokana na mifano mingi ya sauti. Agosti 2024 kampuni ya Phonak ikatoa Sphere, yenye chipu ya ziada ambayo kazi yake ni kuchambua sauti ya msemaji kutoka kwenye kelele papo hapo. Ukitazama miaka hiyo utaona kitu: matoleo hutoka kila baada ya miaka miwili au mitatu, lakini hatua unayoihisi sikioni huja kwa nadra zaidi. Matoleo mengi hubadilisha rangi, umbo na programu ya simu.

Njia ya kwanza: kununua sasa, za daraja la juu

Masikio. Nguvu ya mashine hizi iko kwenye kelele: hotelini, harusini, mkutanoni ambako watu watano wanaongea kwa mkupuo. Mwenye upungufu wa wastani kwenda juu, ambaye kazi yake ni kusikiliza watu, ndiye anayeitumia tofauti hiyo kila siku. Anayeshinda nyumbani na mtu mmoja au wawili na redio hataikuta mara nyingi.

Hela. Ni nyingi, na ukiipoteza moja ukiwa kwenye matatu, maumivu ni makubwa kadiri hiyo. Uliza kama bei ina bima ya kupotea na kwa muda gani. Jua pia kwamba kampuni nyingi huuza chipu ileile kwa madaraja matatu au manne. Kinachobadilika ni vipengele vilivyofunguliwa kwa programu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Memphis, wakiongozwa na Robyn Cox, walichapisha matokeo ya wazee wenye upungufu mdogo na wa wastani waliovaa mashine za bei ya juu na za kawaida, kila aina mwezi mzima. Katika maisha ya kila siku hawakupata tofauti ya maana kati ya madaraja hayo. Ni haki kusema kwamba utafiti huo ulitangulia chipu za mitandao ya neva, na kwamba mashine za kawaida zilizojaribiwa zilikuwa zimerekebishwa vizuri na wataalamu.

Fundi. Bei kubwa kwa kawaida huja na ziara za kurekebishiwa ndani yake. Hakikisha imeandikwa ni ziara ngapi na kwa miaka mingapi. Mashine ya laki tatu iliyorekebishwa kwa haraka inashindwa na ya elfu themanini iliyorekebishwa kwa subira. Naliamini hilo kabisa, kwa sababu nimeliona.

Kesho. Unapata kila kilichopo leo, pamoja na Auracast kwenye mashine nyingi mpya. Hii ni njia ya Bluetooth, iliyopewa jina hilo 2022, ya kurusha sauti moja kwa wasikilizaji wengi: maombi ya kanisani au tangazo la uwanja wa ndege linaingia moja kwa moja masikioni. Inafanya kazi pale tu jengo limefunga mtambo wake, kwa hiyo usilipe ziada kwa ajili yake peke yake kabla ya kujua sehemu unazokwenda zina nini.

Inamfaa: mwalimu, wakili, muuguzi, mchungaji, mfanyabiashara anayepiga simu kutwa, mwenye bima inayolipa sehemu kubwa.

Njia ya pili: kununua sasa, za kawaida, ukijua utabadilisha

Hii ndiyo tuliyoichukua na Baba, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Alikuwa na upungufu wa wastani uliozidi. Fundi wetu (tunamwita daktari, ingawa yeye ni mtaalamu wa usikivu) alimwingizia mrija mwembamba wa silikoni sikioni pamoja na mashine, akatazama mistari ikipanda na kushuka kwenye kompyuta, akaongeza huku, akapunguza kule. Mrija huo hupima sauti inayofika karibu na ngoma ya sikio lako wewe, si sikio la kubuni la kiwandani. Ukienda dukani na kipimo hicho hakipo, uliza kwa nini. Alipomaliza alijiziba mdomo kwa karatasi ili Baba asisome midomo yake.

"Mzee, rudia baada yangu. Sita."

"Sita."

"Tisa."

Baba akanyamaza kidogo. "Tisa," akasema, kisha akageuka kunitazama mimi.

Masikio. Kwa maongezi ya watu wawili watatu, televisheni na ibada, mashine ya kawaida iliyorekebishwa vizuri hubeba sehemu kubwa ya kazi, kuanzia upungufu mdogo hadi mkubwa, mradi ukubwa wa spika yake ulingane na karatasi yako. Kwenye kelele hupungukiwa. Ndani ya matatu ya Baba ya kwenda mjini, muziki ukiwa juu, bado humwomba makanga arudie. Hatua kubwa kuliko zote ni ile ya kutoka bila mashine hadi kuwa na mashine. Hatua ya kutoka toleo la jana hadi la leo ni fupi zaidi.

Hela. Ulizia toleo lililopita. Kampuni ikitoa toleo jipya, la zamani hushuka bei likiwa bado jipya ndani ya kisanduku, na vipuri vyake bado vipo. Mtu anayesubiri teknolojia mpya anaweza kufaidika na ujio wake kwa namna hii pia: kwa kununua ile iliyotangulia.

Fikiria betri hapa. Za kutupa zina rangi za kimataifa: ya njano ni namba 10, ya kahawia 312, ya chungwa 13, ya buluu 675. Baba anatumia ya kahawia, ambayo kwake inakaa karibu wiki. Ukibandua karatasi yake hewa huingia na kuiamsha, kwa hiyo iache dakika moja au zaidi kabla ya kufunga mlango wake. Baba huiweka juu ya meza, hunywa chai kidogo, ndipo huifunga. Za kuchaji ni rahisi kwa vidole vyenye baridi yabisi, lakini stima ikipotea usiku mzima asubuhi unaamkia ukimya. Kama mtaa wenu stima hukatika mara kwa mara, chukua zile ambazo kijisanduku chake kina akiba ya chaji ndani, au chukua za betri za kutupa. Na vyovyote iwavyo, usiku mashine zilale kwenye kopo lenye dawa ya kukausha unyevu, hasa Julai na majira ya mvua.

Fundi. Ni muhimu zaidi hapa kuliko kwenye njia ya kwanza, kwa kuwa mashine yenyewe haina vipengele vingi vya kuficha makosa ya marekebisho. Sisi tulirudi mara nne miezi mitatu ya mwanzo. Mara ya kwanza Baba alilalamika kwamba vijiko vinapiga kelele. Mara ya nne hakukumbuka kuvitaja.

Kesho. Utakosa kitu, ndiyo. Lakini hukufunga mlango: baada ya miaka minne au mitano unanunua nyingine ukiwa na masikio yaliyozoea kusikia na ukijua hasa ni nini kinakusumbua.

Inamfaa: mstaafu, mwenye kipato cha kawaida anayejilipia, anayevaa kwa mara ya kwanza, na familia inayochanga.

Njia ya tatu: kivuko, yaani vifaa vya masikioni vya simu na mashine zinazouzwa bila daktari

Marekani ilifungua mlango huu rasmi tarehe 17 Oktoba 2022, pale mamlaka ya dawa na vyakula ya huko, FDA, iliporuhusu watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani kununua mashine bila cheti. Septemba 2024 mamlaka hiyohiyo ikaidhinisha programu inayovigeuza AirPods Pro 2, vifaa vya masikioni vya kampuni ya Apple, kuwa kisaidizi cha kusikia kwa kundi hilohilo la watu.

Masikio. Upungufu mdogo hadi wa wastani, kwa mtu mzima, basi. Kwa Baba zisingetosha. Usimnunulie mtoto.

Tenganisha hizi na vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa barabarani na mitandaoni. Kikuza sauti huongeza kila kitu kwa pamoja: honi, mlango, sufuria na sauti ya mjukuu. Tulimnunulia Baba kimoja 2020, tukidhani ni cha kuvukia. Alikivaa siku mbili, kikapiga mluzi, akakiweka kwenye droo na kutuambia masikio yake hayatengenezeki. Hilo lilitugharimu kuliko bei ya kifaa, kwa sababu miaka miwili baadaye ilibidi kumbembeleza aamini kwamba mashine ni kitu kingine.

Hela. Ndogo kuliko mashine za daktari, na kama AirPods unazo tayari unaanza bila kununua kitu kipya. Kipengele hicho hakikuwashwa katika kila nchi, hivyo kikague kwenye simu yako kabla ya kutoa hela. Chaji yake hukaa saa chache, haimalizi siku.

Fundi. Ni wewe mwenyewe na simu yako. Kwa kijana anayejua simu ni uhuru. Kwa mzee asiyejua ni mzigo, isipokuwa kuna mjukuu ndani ya nyumba. Na kama jamaa wa ng'ambo anataka kukutumia mashine halisi za huko, muulize kwanza chapa na kama programu yake imefungwa kwa duka lililouza. Zipo ambazo hakuna fundi wa Nairobi anayeweza kuzifungua.

Kesho. Hapa huhofii kupitwa, kwa sababu hukuweka mzigo mkubwa. Masasisho mengine huja kupitia simu.

Inamfaa: mwenye upungufu mdogo anayesumbuka sehemu chache tu, kama mikutano au mahubiri, na anayetaka kujua kama kusaidiwa kusikia kutabadilisha kitu maishani mwake kabla ya kulipa zaidi.

Njia ya nne: kusubiri

Mimi niko hapa, na nasubiri kwa masharti. Karatasi yangu inasoma desibeli 25. Nyumbani nasikia, simu nasikia, kwenye kelele nainama kidogo. Nimeweka tarehe ya kupimwa kila mwaka, nimeanza kuvaa vizibo nikisimama karibu na mashine za kukata chuma, na nimemwambia mke wangu ndiye mwamuzi: siku atakapochoka kurudia, tunakwenda.

Masikio. Kwa upungufu mdogo usiokusumbua, kusubiri hakukupotezei mengi. Kuanzia wa wastani gharama huanza kuhesabika hata kama huioni. Sikio lisilopata sauti za maneno kwa miaka huweza kupunguza uwezo wake wa kuyatambua, kiasi kwamba mashine ikija sauti inafika lakini neno halifiki. Jopo la jarida la Lancet limeutaja upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni na yanayoweza kushughulikiwa. Mwaka 2023 jarida hilo lilichapisha jaribio la ACHIEVE, lililofuatilia watu 977 wa Marekani wenye umri wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa wote kwa pamoja mashine hazikuleta tofauti katika kasi ya kufifia kwa akili. Kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa tangu mwanzo, kasi hiyo ilipungua kwa asilimia 48. Usimwambie mzazi wako kwamba mashine ni kinga ya ugonjwa wa kusahau, sivyo. Lakini akiwa ana presha, kisukari na miaka sabini na kitu, usihesabu kusubiri kuwa bure.

Hela. Unaziweka, na ukiweka kidogo kidogo kwenye Sacco au chama siku ya kununua hutakopa. Hii ni sababu ya heshima. Kununua mashine leo na kukosa hela ya betri na marekebisho kesho ni kuinunulia droo.

Fundi. Tumia muda wa kusubiri kumtafuta. Tembelea sehemu mbili tatu, uliza kipimo cha mrija, uliza siku za majaribio na kiasi kinachorudishwa ukirejesha, uliza vipuri hukaa siku ngapi kufika.

Kesho. Kusubiri kuna maana ukijua unasubiri nini na hadi lini. "Nasubiri chipu ya akili mnemba ishuke hadi daraja ninalolimudu, nitaangalia tena Januari" ni mpango. "Nasubiri ziboreke" hakuna mwisho wake, kwa sababu siku hiyo haitafika: zikiboreka zitakuwa zinaboreka tena. Baba alisubiri miaka mitatu kwa sentensi hiyo ya pili. Katika miaka hiyo aliacha chama, akaacha kwaya ya wazee, simu akawa anampa Mama. Mashine tulizonunua zilikuwa bora kidogo kuliko zile za 2019.

Inamfaa: mwenye upungufu mdogo asiyesumbuka, anayetibiwa kitu kinachoweza kurudisha usikivu, na aliyekwisha kuwa na mashine zinazofanya kazi.

Kulingana na hali yako

Kama ni mtoto, toa njia ya nne kabisa mezani. Lengo linalotumiwa na wataalamu duniani ni apimwe kabla ya mwezi mmoja, ugonjwa ujulikane kabla ya miezi mitatu, na asaidiwe kabla ya miezi sita, kwa sababu lugha inajengwa kipindi hicho. Aliyechelewa, aanze leo. Taasisi ya elimu maalumu ya KISE kule Kasarani huwafanyia tathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na wazazi wengi huanzia hapo.

Kama ni mzazi wako na ameanza kukwepa simu, vikao au mazishi ya majirani, na karatasi inasoma 35 au zaidi, lenga njia ya pili mwaka huu. Mashine bora zikija atakuwa ameshazoea kuvaa. Kama hela zipo na bado anafanya kazi katikati ya watu, mpeleke akajaribu za njia ya kwanza na za pili siku moja, ndani ya chumba chenye kelele, achague kwa masikio yake.

Kama unafanya kazi ya mikutano na una bima, njia ya kwanza ina hoja nzuri, hasa kama una miaka mingi mbele ya kuitumia. Kama una upungufu mdogo na kinachokukera ni jambo moja tu, jaribu njia ya tatu kwa miezi mitatu kabla ya kuamua lolote.

Kama mgonjwa anaishi kijijini na Nairobi huja mara moja kwa mwaka, fundi awe mbele ya kila kitu. Chukua aina ambayo kuna mtu wa kuirekebisha katika mji wa karibu naye au kwa mbali kupitia simu, yenye betri zinazopatikana kwenye duka la dawa la huko. Wataalamu wengine huja na kliniki za siku moja, nazo zinafaa kwa kupima. Kwa kununua, uliza nani atabaki wakishaondoka.

Kama una mashine zenye mwaka mmoja au miwili na umeona tangazo la mpya, rudi kwanza kwa fundi wako na karatasi ya kipimo kipya. Mara nyingi kilichobadilika ni masikio yako, au kichungi kimeziba nta, na dakika ishirini za marekebisho hutosha. Zikiwa na miaka sita na vipuri vimeanza kuadimika, anza kuweka hela kabla hazijafa. Kukaa miezi bila mashine baada ya kuzizoea ni kuanza upya.

Baba yuko katikati ya hali hizo mbili. Zake zimeingia mwaka wa nne. Tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani, kwa hiyo tumeifanya ndiyo tarehe yetu ya kupima kila mwaka, yeye na mimi, karatasi mbili, siku moja. Yake ikionyesha mstari umeshuka kuliko mashine hizi zinavyoweza kufidia, tutanunua mwezi huohuo, toleo lolote litakalokuwa mezani. Yangu ikivuka 35, au mke wangu akichoka kabla ya hapo, nami nitanunua.